Leja ya Stoo

Raba jozi moja, namba thelathini na nane,
soli ya kushoto imeshonwa kwa waya wa simu:
hivyo nilivyoandika Januari, kwa kalamu ya bluu,
na mbele yake sahihi yako, herufi za mviringo,
Sechelela Chilongani, kidato cha tatu.
Leo mkuu wa shule anataka leja ifungwe.
Safu ya mwisho inauliza: zimerudi, hazijarudi?
Haina nafasi ya jibu la tatu.

Mita mia nane za Hombolo hazikuwa mia nane.
Nilizipima kwa kamba ya mbuzi,
nikachora mstari kwa majivu ya jikoni,
na upepo wa saa nne ulipoupeperusha
tukakubaliana, mwisho ni pale kwenye jiwe.
Siku nilipokupeleka mjini,
kwenye uwanja wenye chokaa na viti,
uliniuliza, "Mwalimu, jiwe liko wapi?"
Nilicheka. Wewe hukucheka. Ukashinda.

Hukuwa mgonjwa. Kila ajaye huanzia hapo.
Jumatatu ulikula ugali wa uwele kwa mlenda,
ukaongeza, ukamsuta kaka yako kwa uvivu.
Jumanne alfajiri wakakukuta
safu ya saba ya shamba la zabibu,
uso juu, kamba za raba zimefungwa vizuri.
Mizabibu ilikuwa imepogolewa jana yake
na ilidondosha maji kila ilipokatwa.
Kuna aliyesema inakulilia.
Hapana. Mzabibu ukikatwa hutoa maji, basi.

Daktari alitaja neno refu, kisha akasema: moyo.
Moyo huo!
Mimi niliyeugusa kila wiki, vidole viwili shingoni,
sitini, hamsini na nane, hamsini na sita,
nikijivuna kama fundi aliyeuchonga mwenyewe,
mimi sikusikia kitu.
Au nilisikia, nikaita kipaji.

Ardhi yetu ngumu, wachimbaji walivunja mtaimbo mmoja.
Zamda Ijengo alikuja toka Kondoa, juu ya lori la mahindi,
akasimama nyuma kabisa ya watu,
mahali asipopajua ila siku ulizokuwepo.
Aliniuliza muda wako wa mwisho.
Mbili na saba, nikamwambia.
Akaurudia kwa midomo bila sauti,
kama anayevuka uwanja na maji kiganjani.

Jina lako kwa Kigogo ni amri: furahi.
Wazee walilitamka kaburini mara tatu
na kila mara mtu mmoja alikohoa.

Jioni mama yako akanivuta pembeni.
"Hizo mita zenu, ni mbali kiasi gani?"
Nikasema, toka hapa mpaka kisimani, na kurudi.
Akatazama njia ya kisimani muda mrefu.
"Kumbe alikuwa anateka maji tu," akasema,
"na nilikuwa namgombeza kuwa anachelewa."

Saa ya kupimia iko mfukoni mwangu, bado mbili na saba.
Kuna kitufe kimoja cha kuifuta.
Watoto wa kidato cha kwanza wamejipanga kwenye jiwe,
miguu mitupu, wanabishana nani akae ndani.
Nawahesabia kwa mdomo.
Wananiona nimezeeka. Wacha wanione.

Raba alikuvalisha mama yako mwenyewe.
Alikataa viatu vyeusi vya shangazi wa Kibaigwa,
akasema hutazifika mbali na visigino vile.
Mimi nilinyamaza, ingawa ni mali ya serikali.

Basi jana usiku nimeifungua leja,
nikapita zimerudi, nikapita hazijarudi,
nikaandika pembeni, nje ya mistari: Zinatumika.

Mkuu amesoma. Amevua miwani, ameifuta, ameivaa.
Amegonga muhuri.